Panya wa Jumapili

Ofisi yetu ina fomu ya kila jambo, na mtu akistaafu hupewa fomu ya kurithisha ujuzi. Ni karatasi moja, Kifaransa mbele na Kiholanzi nyuma. Swali la tatu linasema: "Eleza mambo muhimu uliyojifunza katika utumishi wako," na chini yake kuna mistari minne. Nimetega panya wa majini katika mji wa Brussels kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo mistari minne ilinitosha na mmoja ukabaki. Niliandika: "Nunueni mabuti yanayofika kiunoni. Ya magotini yanaingiza maji." Madame Mkurugenzi alinishukuru kwa mchango wangu wa thamani, akaitia fomu kwenye jalada.

Haya mengine nawaandikia ninyi wawili mlioachiwa vizimba vyangu, mmoja wa Bukavu, mmoja wa Kigoma. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyomsengenyea Madame, na sioni haja ya kubadili sasa. Kiswahili cha kuongea nilizaliwa nacho Uvira. Hiki cha kuandika nilikipata shule ya msingi Kigoma, wazazi wetu walipovuka ziwa kukimbia machafuko. Mkiona sarufi imenyooka, washukuruni walimu wa Kigoma. Ikipinda, ilaumuni Brussels.

Nilipofika hapa miaka mitatu ya kwanza nilisafisha ofisi karibu na Schuman, mtaa wa ofisi za Ulaya. Kisha mama mmoja wa ofisi ya ajira akaniuliza kama nina ujuzi mwingine. Nikamwambia Uvira nilikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, nikichanja mbuzi na ng'ombe. Akaandika kwenye kompyuta yake: "Anapenda wanyama." Na kwa kuwa nilipenda wanyama, nikapelekwa mahali pa kuwaua.

Siku ya kwanza nilipewa kijitabu kuhusu adui yetu. Kwa Kifaransa anaitwa rat musqué: panya mwenye ukubwa wa sungura mdogo, manyoya ya kupendeza na mkia bapa kama ukanda. Wazungu walimleta kutoka Amerika ili wamfuge wapate makoti ya manyoya. Makoti yakapitwa na wakati, panya wengine wakatoroka, wakaanza kutoboa kingo za vijito mpaka zinabomoka. Kijitabu kilisema: ni mgeni, anazaliana haraka, anazoea mazingira yoyote, na anaharibu miundombinu. Nilisoma mara mbili kuhakikisha hawajachanganya faili lake na langu.

Aliyepewa kazi ya kunifundisha aliitwa Lucien. Alikuwa mtegaji wa zamani kuliko wote, mrefu, mkavu, mwenye mikono kama makasia. Alizaliwa Bukavu wakati mji ungali na jina la Mbelgiji fulani, baba yake akiwa na shamba la kwinini, na aliondolewa akiwa na miaka kumi. Aliposikia natoka Kivu alifurahi sana, akanikaribisha kwa Kiswahili.

"Wewe! Kuya hapa! Beba hii! Upesi!"

Nilimtazama. Sikuona ubaya usoni mwake, alikuwa anatabasamu kama mtu anayekupa zawadi.

"Ndiyo, bwana," nikamjibu, kwa ile sauti ya mpishi aliyechoka.

Masikio yake yakawa mekundu. Tuliendesha gari hadi Neerpede, kule pembezoni mwa Anderlecht ambako mji unasahau kuwa ni mji. Alipozima injini akasema kwa Kifaransa, "Sikujua kama kinasikika hivyo. Ndicho Kiswahili pekee nilichokisikia nyumbani kwetu."

"Kulikuwa na kingine," nikamwambia. "Jikoni, mama yako akishatoka."

Alicheka mpaka akashika usukani. Tangu siku ile mimi nilimwita Papa Lucien na yeye akaniita Maman Sifa. Amri ziliendelea kama kawaida, kwa kuwa hakuwa na namna nyingine ya kusema.

Alinifundisha kazi kwa miguu. Ninyi mna vifaa vya kupima na ramani za simu, hongereni. Lucien aliingia kijitoni taratibu, akapapasa tope la ukingoni kwa ncha ya buti, na mahali ambapo mguu ulizama ghafla ndipo penye mlango wa panya. Hapo anaweka kizimba, nusu ndani ya maji na nusu nje, ili mnyama akiingia aweze kupumua. Karoti ikatwe kwa urefu, si kwa mviringo, maana upande uliokatwa unang'aa majini. Tufaha ni zuri zaidi wakati wa vuli. Mti wa kukishikilia kizimba upigwe ndani mpaka mkono uchoke, kisha upigwe mara tatu zaidi. Hayo yote sikuyakuta kwenye kijitabu. Kijitabu kilikuwa na sura nzima kuhusu namna ya kuegesha gari.

Kuua nako kulikuwa na namna yake. Lucien aliua kwa pigo moja, na kabla ya pigo alivua kofia. Kwa mwezi mzima niliheshimu ibada hiyo. Baadaye aliniambia kofia humziba macho.

Sheria tulikuwa nazo za kutosha. Kile kijito cha Neerpede kinatokea Flandria, mkoa wa jirani, kwa hiyo panya akizaliwa upande wa juu ana sheria yake, na akiogelea dakika mbili anaingia kwetu, anapata nyingine. Akitaka kwenda Walonia, kuna ya tatu inamsubiri. Panya walizielewa kuliko sisi. Kila tulipopata kibali cha kuwafuata upande mmoja, walikuwa wameshahamia wa pili.

Lakini iliyotutesa ni ibara moja ya sheria yetu wenyewe. Ilisema kila kizimba kitembelewe "kila siku ya kazi." Kwa Kifaransa, hiyo "ya kazi" ni neno moja tu, ouvrable, na sidhani aliyeliandika aliwaza kwa zaidi ya dakika moja. Maana yake ilikuwa kwamba mnyama aliyenaswa Jumatatu jioni anatolewa Jumanne asubuhi. Aliyenaswa Ijumaa jioni, kwa uzembe wake mwenyewe, anangoja Jumatatu. Na kama ni Pasaka, anangoja Jumanne, akiwa na muda mzuri wa kutafakari ufufuko.

Mtaniuliza kwa nini hatukufunga vizimba siku ya Ijumaa. Tuliuliza. Tukaambiwa kizimba kilichofungwa hakihesabiki kwenye ripoti ya mwaka, na ripoti yetu inapendwa sana huko juu. Lucien alijaribu kuvifunga kimyakimya, mtu wa ofisi akaviona, naye Lucien akaandikiwa barua ya onyo kwa kuhujumu matokeo.

Pasaka yangu ya kwanza kazini mvua ilinyesha siku mbili. Jumanne tukakuta kijito kimepanda na vizimba vitano viko chini ya maji. Katika kimoja kulikuwa na panya wetu. Katika kingine kulikuwa na bata jike. Kwenye ukingo, juu kidogo, vifaranga walikuwa bado wanazunguka pale pale. Nilijaza daftari kama nilivyoelekezwa: "Walengwa: mmoja. Wasiolengwa: mmoja." Vifaranga hawakuwa na safu yao. Lucien aliwakusanya kwenye kofia yake, akawapeleka kwa mwanamke mmoja anayefuga kuku njiani. Siku hiyo hakunipa amri hata moja.

Baada ya hapo nikaanza kuona jambo. Jumatatu zilikuwa zimetulia mno. Vizimba vilikuwa na karoti mpya ambazo mimi sikuzikata, na wanyama waliokufa kwa kungoja hawakuwapo tena. Jumapili moja, baada ya misa ya Wakongomani pale Saint-Josse, badala ya kwenda kula nyumbani nilipanda metro, kisha basi, nikiwa na kitenge na kilemba changu cha kanisani. Nikamkuta Lucien kijitoni, maji kiunoni, anamtoa kalunguyeye kizimbani kwa glavu mbili.

"Papa Lucien, uko nafanya nini hapa?"

Alishtuka kama mwizi. "Na wewe?"

"Mimi niko natembea."

"Na kilemba?"

"Leo ni Jumapili."

Akaniangalia kutoka kilemba hadi viatu. "Toa viatu," akasema. "Shika mufuko."

Basi ikawa hivyo. Yeye alichukua Jumamosi, mimi nikachukua Jumapili baada ya misa. Ilikuwa kosa kamili. Kuingia kijitoni bila hati ya kazi kulikatazwa, bima haikutuhusu, na gari la ofisi halikuruhusiwa kutoka, hivyo yeye alikwenda kwa baiskeli na mimi kwa basi. Mume wangu, Papa Déo, alisema yeye hajawahi kusikia mwanamke anayemwacha mume na sombe mezani kwa ajili ya panya. Nilimwambia sombe haizami. Tulifanya hivyo kwa miaka mingi, na hakuna aliyeuliza, maana Madame aliamini takwimu zetu zimekuwa nzuri kwa sababu ya semina aliyotuandalia.

Sasa nifike kwenye ile Pentekoste.

Jumapili hiyo ilikuwa zamu yangu, lakini mjukuu wangu alikuwa anabatizwa. Jumamosi nilimpigia Lucien simu. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, na magoti yake yalikuwa yameshaanza kumsumbua.

"Papa Lucien, kesho siwezi. Tuko na ubatizo."

"Bon. Minaenda mimi."

"Magoti yako je?"

"Wacha magoti. Kula keki. Kula mingi."

Nilikula keki. Nilicheza mpaka kisigino kikauma. Karibu saa kumi jioni simu ilinipata bado nimeshika sahani: Lucien alikuwa hospitali, nyonga imevunjika. Ukingo ulibomoka chini yake. Panya walikuwa wameutoboa kwa ndani, na mvua ikamalizia. Alianguka kama saa tatu asubuhi. Simu yake ilikuwa kwenye koti, koti lilikuwa kwenye baiskeli, na baiskeli ilikuwa njiani, hatua kama thelathini kutoka pale alipolala na maji yakimfika kiunoni. Alilala hapo mpaka mama mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa akamsikia, saa tisa mchana.

Nilipofika wodini alikuwa mweupe kama shuka. Nilianza kulia, akanikataza.

"Usilie. Ikala."

Nikakaa. Akaendelea kwa Kifaransa, taratibu, macho yakiwa darini. "Kulikuwa na mmoja kizimbani, karibu nami. Ningenyoosha mkono ningemgusa, ila sikuweza kunyoosha. Mimi nilikuwa napiga kelele, yeye anauma waya. Nikichoka kupiga kelele, namsikia yeye. Kutwa nzima, Sifa. Krr, krr, krr. Hakupumzika hata kidogo."

Nilishika mkono wake. Nilibaki naye mpaka wakanifukuza, na Jumatatu, ambayo ilikuwa sikukuu, nilirudi kukaa naye tena. Wala sikumkumbuka yule panya. Nawaambia hivi bila kupamba: nilimsahau. Jumanne asubuhi, siku ya kazi halali kabisa, na hati ikiwa mfukoni, nilikwenda nikamkuta yu hai. Meno ya mbele hayakuwapo. Yalikuwa yamevunjika mpaka kwenye ufizi, na waya ulikuwa mwekundu na haujakatika hata uzi mmoja. Nimeua maelfu ya hao wanyama na sijawahi kujidai mtakatifu. Huyo mmoja nililazimika kumpiga mara mbili.

Ofisi ilionyesha huruma kwa kasi yake ya kawaida. Baada ya wiki tatu Lucien aliletewa barua kitandani. Ilisema ajali yake haikuwa ajali ya kazini, kwa kuwa kwa mujibu wa sheria hapakuwa na kazi siku ile. Ilimtaka pia aeleze kwa maandishi alikuwa anafanya nini na vifaa vya ofisi siku isiyo ya kazi. Ilimalizia kwa kumtakia apone haraka. Nilimwendea Madame nikiwa na barua hiyo mkononi.

"Maman Sifa," akaniambia, naye hupenda kutuita maman akitaka tunyamaze, "nakushauri usilikuze jambo hili. Kwa sasa ni jina moja tu lililo kwenye faili."

Nilielewa. Alikuwa mwema kwa namna yake, ananionyesha mlango wa kutokea.

Mwezi uleule wabunge wetu wa mkoa waliunda kamati ya kurekebisha sheria ya mitego. Wapenda wanyama walikuwa wanalalamika na wakulima walikuwa wanalalamika, na kamati ndiyo dawa ya malalamiko. Waliita maprofesa, vyama, madaktari, mwanasheria kutoka nje. Watu wote waliwaita isipokuwa mtu aliyewahi kukata karoti. Niliandika barua kuomba nafasi. Hawakujibu. Niliandika ya pili. Ya tatu niliipeleka mwenyewe nikakaa kwenye kiti cha mapokezi na sandwichi yangu mpaka binti wa pale akaona ni nafuu kuniandika. Nikapewa dakika tano, mwisho kabisa, baada ya kahawa.

Ukumbi wao ulikuwa unakarabatiwa, hivyo walikutana katika jengo la kukodi karibu na Schuman, mtaa ambao niliwahi kuujua kwa vikapu vyake vya taka. Mlinzi mlangoni alikuwa kijana wa Kikongo.

"Maman, usafi banapita nyuma," akasema kwa heshima.

"Leo niko expert, mwanangu."

"Ah bon? Expert wa nini?"

"Wa panya."

Akatazama jina langu kwenye orodha, akafungua mlango. "Donc umefika, maman. Quatrième. Panya beko bengi."

Huko ghorofa ya nne nilisikiliza kwa muda wa saa tatu. Profesa mmoja alituonyesha mito kwenye kompyuta, ambamo panya walikuwa nukta za kijani na walitii kila alichowaambia. Bibi wa chama cha kutetea wanyama alitaka mitego yote ipigwe marufuku na panya wafukuzwe kwa sauti ambayo sikio la binadamu halisikii. Nilidhani panya nao hawataisikiliza, lakini sikuwa na slaidi. Bwana wa wakulima alitaka sumu irudishwe, kwa upendo wa mazingira. Ibara ya siku ya kazi waliigusa mara moja tu. Mwanasheria alisema imeandikwa vizuri.

Zamu yangu ilipofika, watatu walikuwa wameshavaa makoti. Nilikuwa nimeandika hotuba, Papa Déo alinisaidia Kifaransa chake. Niliikunja nikaiweka mezani. Nikawasimulia yule panya wa Pentekoste, kuanzia Jumapili saa tatu hadi Jumanne asubuhi. Nikawaeleza meno. Nikawaeleza mtu aliyelala kando yake.

"Siombi mpige marufuku mitego," nikasema. "Kingo zinabomoka kweli, nimeona. Wala siombi sumu. Naomba mfute neno moja. Msipolifuta, andikeni basi kwamba panya nao wapewe kalenda."

Mwenyekiti, bwana mpole mwenye miwani ya dhahabu, aliinamisha kichwa. "Madame, unajuaje nini hutokea vizimbani mwishoni mwa wiki, ikiwa kanuni inakukataza kuwapo?"

Swali hilo nilikuwa nimelitegemea tangu kwenye metro. Lilikuwa ndilo swali lenyewe.

"Kwa sababu nimekuwapo," nikajibu. "Kila Jumapili baada ya misa. Kwa miaka mingi."

"Unakiri basi kuvunja kanuni?"

"Ndiyo."

"Na mwenzako?"

Nilimwona Madame, safu ya tatu, akitazama kalamu yake.

"Yeye alikuwa wa Jumamosi. Jumapili ile alianguka kwa sababu alishika zamu yangu. Mimi nilikuwa nakula keki."

Wale watatu walivua makoti yao, wakakaa.

Wiki iliyofuata nilipokea barua mbili kutoka kwa Madame. Ya kwanza ilinipongeza kwa kuiwakilisha ofisi kwa heshima mbele ya wabunge. Ya pili ilikuwa onyo kali la maandishi kwa yale niliyoyasema huko. Zilikuwa na tarehe moja na sahihi moja. Nimezitia fremu zote mbili, ziko sebuleni.

Barua hizo sikuzijali. Lililoniuma ni Lucien. Magazeti yaliandika habari ile, na moja liliweka jina lake na kumwita shujaa wa panya. Alinipigia simu.

"Nani alikutuma?" Kwa Kifaransa, sauti kavu.

"Hakuna. Nilitaka wajue ulikuwa kazini. Nilitaka wakutambue."

"Sikwenda kule ili nitambuliwe. Jumamosi zilikuwa zangu, Sifa. Kitu kimoja tu katika kazi ile kilikuwa changu, hakikuandikwa popote. Umekipeleka Schuman."

Akakata simu. Nilikuwa na majibu mengi, yote sahihi, na hata moja halikunisaidia. Alistaafu akiwa nyumbani, na nilipompigia hakupokea. Ilipita zaidi ya mwaka.

Katika mwaka huo sheria ilitengenezwa. Nasikia kuhusu neno letu walijadili vikao vinne. Walijaribu "kila siku, inapowezekana," na "kila siku, isipokuwa siku za mapumziko," ambayo ni sheria ileile imevaa suti. Mwisho wakachoka, wakafuta. Kila kizimba kitembelewe kila siku. Ili isionekane wamefanya kazi ndogo, wakaongeza kurasa arobaini. Mojawapo inataka kila kizimba kiwe na kibao kwa lugha mbili kinachoeleza kuwa hiki ni kizimba. Vibao vikubwa kuliko vizimba, ninyi mnavibeba, mnajua. Wezi wa vizimba waliipokea sheria kwa shukrani.

Siku ilipopitishwa simu yangu ililia.

"Kuya," akasema Lucien.

Alikaa Saint-Gilles, ghorofa ya tatu, katika nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba. Ngazi zilikuwa kali hata kwangu, nikafikiria nyonga yake. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekonda, fimbo iko kando ya kiti, na mezani kuna vikombe viwili na keki ya dukani.

"Ikala," akasema. "Kunywa kahawa. Kula."

Kwa Kiswahili chake cha amri, hiyo ilikuwa samahani, na ilikuwa ndefu. Nilikaa, nikanywa, nikala.

"Na mimi unisamehe," nikamwambia. "Ningekuuliza kwanza."

"Ningekataa."

"Najua. Ndiyo maana sikuuliza."

Akatingisha kichwa, kisha akanisukumia barua. Alikuwa ameomba ofisi ajali yake ifikiriwe upya kwa kuwa sheria imebadilika. Walimjibu kwa adabu kwamba sheria mpya hairudi nyuma, na kwamba siku aliyoanguka itaendelea kuwa siku isiyo ya kazi.

"Donc," akasema, "nilianguka siku ambayo haikuwepo." Akaanza kucheka, nami nikacheka, mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio.

Sheria ilianza kutumika katikati ya wiki, na Jumapili ya kwanza zamu ilikuwa yangu, nikiwa na hati, bima na gari la ofisi. Nilipita Saint-Gilles kumchukua Lucien. Abiria asiye mtumishi haruhusiwi kwenye gari, iko ukurasa wa kumi na mbili. Alishuka ngazi moja moja kwa dakika nyingi na hakutaka nimshike. Neerpede nilimfungulia kiti cha kukunja juu ya njia, mbali na ukingo, nikampa daftari alishike magotini, kisha nikaingia majini.

Vizimba vitatu vilikuwa vitupu. Cha nne kilikuwa na panya, nikamaliza kazi yangu kwa pigo moja. Cha mwisho kilikuwa na kuku wa majini, yule mweusi mwenye paji jekundu, amelowa na amekasirika. Nilipofungua mlango alinidonoa kidole, akakimbia juu ya maji kuelekea kwenye matete bila kugeuka.

"Kuku wa majini mmoja!" nikamwita Lucien. "Hai! Ameachiwa!"

Alifungua daftari, akavaa miwani, akapitisha kidole juu ya safu.

"Naandika wapi?" akauliza. "Inaisha na vendredi."

Nilipanda ukingoni nikatazama. Kweli, ofisi ilikuwa haijachapisha daftari jipya. Kurasa zote zilikuwa na safu tano, Jumatatu mpaka Ijumaa.

"Chora," nikamwambia.

Akaegemeza daftari kwenye fimbo, akachora mstari pembeni kwa kalamu ya risasi, akaandika juu yake dimanche, yaani Jumapili, kwa herufi kubwa. Chini yake akaandika kuku, akaandika hai, akaandika saa. Kisha, kabla sijamzuia, akatia sahihi yake. Alikuwa mstaafu, hakuwa na mamlaka yoyote, na kwa mujibu wa kanuni ukurasa huo ni batili. Uko kwenye jalada la ofisi hadi leo. Hakuna aliyewahi kuusoma.